Bei ya Fundi: Historia ya Karatasi Moja



Katika mtoto wa meza yangu hapa Kisoko mna karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya kidole cha grisi pembeni. Niliandikiwa na fundi mmoja mjini Tororo, siku ambayo gari langu, Toyota Corona ya mwaka 1996, lilichemka nikiwa njiani kurudi nyumbani. Karatasi ina mistari sita. Gasketi ya silinda hedi, shilingi 180,000. Kusawazisha silinda hedi kwa mashine, 150,000. Boliti mpya, 90,000. Mafuta ya injini na chujio lake, 140,000. Maji ya rejeta, 40,000. Ufundi, 350,000. Jumla ni shilingi 950,000, na chini yake pana sahihi isiyosomeka.

Niliisoma, nikacheka kwa hasira, nikamwambia fundi yule mbele ya wateja wake kwamba mwalimu si mtalii. Nikaondoka. Yaliyofuata nitayasimulia baadaye, kwa sababu kabla ya hapo ningependa tuitumie karatasi hii kama mlango wa kuingilia katika historia. Swali lenyewe ni dogo: mtu asiyeijua injini atajuaje kama bei aliyotajiwa ni ya haki? Swali hilo ni la kale kuliko gari lenyewe.

Tuanze na neno. *Fundi* lina shina moja na *funda* na *fundisha*. Mwari hufundwa unyagoni na somo wake. Mwanafunzi hufundishwa darasani. Na fundi ni yule ambaye ujuzi wa kazi umemkaa mikononi hata akaweza kuwarithisha wengine. Neno lenyewe, basi, limebeba tofauti iliyopo kati yake na mteja. Yeye anajua, wewe hujui. Ukinunua muhogo sokoni unauona na kuushika. Ukinunua matengenezo ya injini, hata baada ya kulipa na kuondoka hujui kama kifaa kilichobadilishwa kilikuwa kibovu kweli. Mwaka 1973 wachumi wawili, Michael Darby na Edi Karni, waliandika juu ya bidhaa za aina hii, ambazo mnunuzi hawezi kuzipima hata baada ya kuzitumia, na ukarabati wa magari ni mfano wake mzuri.

Wafalme wa kale walilijua tatizo hili. Yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, sheria za Hammurabi wa Babeli ziliweka ujira wa fundi wa mashua: kwa mashua ya ukubwa fulani, shekeli 2 za fedha. Kisha zikaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Ikiwa fundi hakuiziba mashua vizuri, nayo ikaharibika katika mwaka uleule, fundi aliibomoa na kuijenga upya kwa gharama yake mwenyewe. Tazama jinsi walivyokiunganisha kiasi cha malipo na muda wa kuwajibika. Sisi tunapobishana na fundi huwa tunashughulika na la kwanza tu.

Wala usidhani kwamba udanganyifu wa gereji ulizaliwa Afrika. Mwaka 1941 jarida la Reader's Digest la Marekani lilituma wachunguzi wazunguke nchi nzima wakiwa na gari zima, ambalo walikuwa wamechomoa waya mmoja tu wa koili. Kuurudisha waya huo ni kazi ya sekunde chache. Walitembelea gereji 347, na asilimia 63 ya gereji hizo ziliwadanganya kwa namna moja au nyingine: nyingine ziliuza vifaa visivyohitajika, nyingine zilitoza kazi ambayo haikufanyika. Ninapowasomea wanafunzi wangu takwimu hii, hukimbilia kuhesabu wezi. Mimi huwaomba wahesabu pia zile asilimia 37, yaani gereji zipatazo 128, zilizokutana na mteja asiyejua kitu na zisimwibie.

Sasa turudi mpakani kwetu.

Mwaka 1902 Uingereza iliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya jirani, ambayo leo ni Kenya. Mstari huo uliwaacha Wasamia na Wateso pande zote mbili. Hata hivyo, kwa muda mrefu mpaka haukuwa ukuta wa bei. Tangu 1921 hadi Uganda ilipoanza kutoa noti zake mwaka 1966, shilingi ilikuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki. Mtu wa Busia aliyetaka kulinganisha bei za mafundi wa pande mbili alihitaji miguu tu. Leo anahitaji miguu, hesabu na habari za ushuru, kwani shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi ishirini za Uganda. Nimesikia watu wakisema kwamba fundi wa ng'ambo ni rahisi, kumbe walisahau kuzidisha.

Ufundi wa mitambo uliingia kwa reli. Waliojenga reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901 walikuwa zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki walifungua maduka na karakana. Kiswahili kikapata neno *Kalasinga*, maana yake Msikh, na katika kumbukumbu za wazee wengi neno hilo halitengani na spana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia ya reli kutoka Nakuru na Eldoret ilifika Tororo na kuendelea kuelekea Mto Nile. Tawi la kwenda Soroti nalo likaanzia papa hapa. Malori ya pamba yalihitaji mafundi, na wavulana wetu walianza kuosha vyuma kwa mafuta ya taa huku wakitazama. Shule yao ilikuwa hiyo: macho, miaka mingi, na kofi la mara kwa mara.

Mashine ya watu wa kawaida, hata hivyo, ilikuwa baiskeli. Hapa naomba tukae kidogo, kwa maana Busia imeipa dunia neno. Kati ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na umbali ambao abiria wa basi hakuruhusiwa kuuvuka ndani ya basi lake. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana walianza kuwabeba abiria kwenye viti vya nyuma vya baiskeli, wakinadi kwa Kiingereza chao kwamba wanakwenda mpaka hadi mpaka. Matamshi yetu yakazaa *bodaboda*. Katika miaka ya 1990 pikipiki ilianza kuishinda baiskeli, na sasa neno hilo linasikika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko. Chini ya kila mwembe penye kijiwe cha bodaboda huwa pana fundi. Kwa fundi huyo bei haifichiki sana: mpira wa ndani kila mtu anajua unauzwaje, kuziba pancha kunajulikana, na mwendeshaji hukaa kwenye jiwe akitazama kila nati inavyofunguliwa. Huo ndio ukaguzi bora kuliko wote niujuao. Mwenye gari huacha funguo na kwenda kazini. Mwendeshaji wa bodaboda hana pa kwenda, maana kazi yake ndiyo imelala pale chini imefunguliwa.

Kisha ukaja mwaka 1972. Mwezi Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, na maduka yao, yakiwemo maduka ya vipuri na karakana, yakagawiwa wanajeshi na watu waliojulikana na wakubwa. Waliopewa walibatizwa jina *mafuta mingi*. (Mwanafunzi makini atanishtaki, kwa kuwa sarufi inataka *mafuta mengi*. Ni kweli. Lakini historia haikupitia dawati la mwalimu wa sarufi.) Wengi wao waliuza shehena waliyoikuta na hawakujua namna ya kuagiza nyingine. Fedha za kigeni zikaadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vipuri vikaanza kuvuka mpaka kwa *magendo*, usiku, vichwani na kwenye baiskeli zilezile.

Nini hutokea kwa bei ya fundi katika hali hiyo? Hupoteza mizizi. Gasketi iliyopita njia ya magendo haina bei ya duka. Ina bei ya hofu ya aliyeibeba. Mteja hakuwa na wa kumuuliza, na fundi mwenyewe hakujua kesho angeipata kwa kiasi gani. Ndipo mafundi walipojifunza kukarabati kile ambacho mtengenezaji alisema kitupwe: gasketi zilikatwa kutoka kwenye makaratasi magumu, vyuma vikajazwa kwa kuchomelea. Ustadi huo uliokoa magari ya nchi nzima. Ukaacha pia mazoea ambayo mpaka leo tunayo: fundi kutaja jumla moja bila kuichambua, na mteja kuipunguza nusu kabla hata hajauliza imetokana na nini.

Mwaka huohuo wa 1972, upande wa pili wa mpaka, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya. Ripoti ile ilisaidia kuieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, na ikawatetea mafundi wadogo kwamba wanazalisha mali ingawa serikali iliwaona kama kero. Wakenya walikuwa tayari na jina bora: *jua kali*, yaani watu wafanyao kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi vibanda. Jina likavuka mpaka bila kulipa ushuru.

Katika miaka ya 1990 biashara ilifunguliwa na magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kumiminika. Hapa nchi zetu mbili zilichukua njia tofauti, na tofauti hiyo imo ndani ya kila makadirio unayoandikiwa. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda iliyapokea makuukuu zaidi, hata ilipofika mwaka 2018 ndipo ikazuia yenye miaka 15 au zaidi. Gari langu lisingepita kamwe kwa mlango wa Kenya. Gari la umri huo haliharibiki kitu kimoja. Ukigusa boliti ya kwanza, ya pili inakatika, na fundi mwaminifu anayetaja bei hujua hilo, huweka nafasi kidogo ndani ya hesabu yake, nawe ukiiona nafasi hiyo unaiita wizi.

Sheria nayo imekuwa ikitembea polepole nyuma ya mafundi. Sheria ya Uingereza ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 1893, ambayo ilinakiliwa katika makoloni yetu mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilisema kwamba bei isipotajwa mnunuzi atalipa bei ya busara, na kwamba busara hiyo itategemea mazingira ya kila jambo. Jibu la kisheria, kama unavyoona, linakurudishia swali lako. Uganda ilipotunga sheria mpya ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma mwaka 2017, iliziingiza huduma waziwazi, na fundi akawa na wajibu wa kufanya kazi kwa uangalifu na ustadi.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya ukarabati wa magari. Fundi hana budi kutoa makadirio kabla ya kazi, isipokuwa mteja mwenyewe akiyakataa na kuweka kikomo cha malipo. Hawezi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio aliyoyatoa. Hawezi kudai malipo ya kazi ambayo mteja hakuiidhinisha. Vifaa vilivyotolewa ni vya mteja, naye arudishiwe. Na vifaa vipya pamoja na kazi ya kuvifunga vina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Soma tena kifungu hicho cha dhamana, kisha ukumbuke mashua ya Babeli.

Je, fundi aliye chini ya mti Busia ya Kenya anayafuata hayo yote? Sijakutana na wengi walioisikia sheria hiyo. Lakini raia anayeijua anaweza kuuliza maswali yake hata upande huu wa mpaka, kwani hakuna sheria ya Uganda inayokukataza kudai makadirio ya maandishi au kuomba kifaa chako cha zamani. Kukitokea mzozo usiotatulika, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na huhitaji wakili. Karatasi yenye mistari sita hapo ingekuwa ushahidi wako. Neno la mdomo lingekuwa hadithi.

Sasa niimalizie yangu.

Fundi wa Tororo alikuwa amenieleza kwa nini anashuku gasketi. Alisema injini ikiwa imepoa, nifungue kifuniko cha rejeta, niwashe gari, nitazame: nikiona mapovu yakipanda mfululizo, basi hewa ya mwako inapenya mahali isipostahili. Alinionyesha kijiti cha kupimia mafuta, nayo mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilitazama bila kuona. Nilichokiona mimi ni 950,000, na mshahara wangu naujua.

Kijana mmoja karibu na nyumbani akasema tatizo ni thamostati na kifuniko tu. Shilingi 85,000. Hakufungua kitu, hakupima kitu, hakuandika kitu. Nilimlipa kwa furaha, nikaenda nikimsimulia kila mwalimu mwenzangu kwamba mjini Tororo kuna mwizi. Wiki ya tatu, nikiwa nimempakia mama yangu kumpeleka hospitali, gari lilizima likiwa limejaa moshi mweupe. Tulisimama kando ya barabara kwa saa mbili. Mama hakulalamika; aliniuliza tu kama lile lilikuwa gari lililotengenezwa au lisilotengenezwa.

Nilirudi kwa yule niliyemwita mwizi, nikivutwa kwa kamba na lori.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Limechemka tena?"

Aliifungua injini mbele yangu. Silinda hedi ilikuwa imepasuka, haikusawazishika tena. Karatasi ya pili ilikuwa na jumla ya shilingi 1,640,000, na safari hii niliisoma kama ninavyosoma insha ya mtahiniwa. Nilimwuliza silinda hedi anayoitaja ni mpya au iliyotumika. Akaandika "iliyotumika" pembeni. Nilizunguka maduka matatu kuuliza bei za vifaa, nikakuta mawili yana bei ya juu kuliko yake na moja ya chini kidogo. Akakubali nikanunue pale pa chini. Ufundi ulikuwa umepanda kutoka 350,000 hadi 420,000. Nilimwuliza sababu. Akaniambia alipofungua amekuta boliti tatu zimekatikia ndani, na kuzitoa ni kazi ya nusu siku. Aliniita nishike tochi nizitazame. Zilikuwa tatu.

Sikumwomba apunguze. Niliomba dhamana ya siku 90, nikamsimulia habari ya sheria ya Kenya. Akacheka, akasema yeye huwapa wateja miezi miwili, ila hakuna aliyewahi kumwomba aiandike. Akaandika miezi mitatu. Kuhusu maneno niliyoyasema mbele ya wateja wake siku ile ya kwanza, nilianza kuomba radhi, akanikatiza akitaka nimpe kitambaa kilichokuwa karibu na mguu wangu.

Vifaa vya zamani alinirudishia ndani ya gunia. Silinda hedi iliyopasuka ipo darasani. Huwa tunazuilia mlango nayo upepo ukivuma, na wanafunzi wa kidato cha pili wameshajifunza kuutafuta ule ufa kwa ukucha.